Mita Moja na Nusu ya Shaba

Saa moja na nusu asubuhi, Minza Shilinde amelala chali chini ya dashibodi ya Fuso. Miguu iko nje, kichwa kiko ndani, na taa ya kupimia umeme ameibana kwa meno. Karakana yake iko pembezoni mwa Ng'ambo, mjini Tabora: mabati sita, benchi moja la mbao, na ukuta uliojaa nyaya za kila rangi.

Bodaboda inasimama mlangoni. Anashuka mwanamke aliyevaa gauni la uuguzi, ambalo leo limegeuka rangi ya barabara. Mkononi ana kisanduku cha bluu cha kubebea chanjo. Ni kitupu.

Hamwoni mtu, kwa hiyo anaisalimia miguu.

"Shikamoo. Namuulizia fundi umeme."

"Marahaba. Unaongea naye."

"Oh. Samahani mama, nilidhani..."

"Ulidhani nitatoka nina ndevu," anajibu Minza kutoka chini. "Kalia hilo tairi. Gari lako liko wapi?"

"Si gari. Ni nyumba."

"Basi umepotea njia, mwanangu. Wa majumba wako kule sokoni."

"Ina magurudumu, mama."

Hapo Minza anatoka, anajifuta mikono kwa kitambaa, na kumtazama vizuri mgeni wake.

Mgeni ni Asnath Fikiri, muuguzi mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Ametoka kijiji cha Isenga, ng'ambo ya Igalula, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa pikipiki. Hakutumwa na mtu. Nauli ametoa mfukoni mwake. Amefika kwa sababu dereva mmoja wa lori alimwambia kwamba kuna mama Tabora ambaye magari yaliyokataliwa na mafundi wengine yanawaka kwake.

Nyumba anayoizungumzia ni tela la kliniki. Zamani lilikuwa nyumba ya matembezi, ya aina ambayo watu wa Ulaya huivuta nyuma ya gari wakienda mapumzikoni, lenye vitanda viwili na jiko dogo. Shirika moja liitwalo Afya Njiani lilipewa tela hilo kama msaada, mkandarasi akalipwa kuling'oa vitanda na kuweka kitanda cha uchunguzi, taa, feni, friji ya chanjo na betri kubwa inayochajiwa kwa jua.

Mpango ulikuwa mzuri. Gari moja lilivute tela hadi kijijini, liliache hapo siku tatu, kisha liende kupeleka dawa kwenye vijiji vingine viwili.

Lakini kila gari linapoondoka, tela linazimika. Taa, feni, friji, vyote kwa pamoja. Gari likirudi na kufungwa, vyote vinawaka.

"Mara ya kwanza tulipoteza chanjo za siku mbili," anasema Asnath. "Niliwaambia akina mama warudi wiki ijayo. Wakarudi. Tukapoteza tena."

Kisha anatoa barua kwenye mfuko wa gauni. Imekunjwa mara nne. Inasema kwamba tela limekaguliwa na kuonekana zima, kwamba betri "inamalizwa kwa uzembe wa mtumiaji", na kwamba likishindwa tena kufanya kazi Alhamisi hii, Ijumaa litarudishwa Dar es Salaam na Isenga itaondolewa kwenye orodha. Mtumiaji anayetajwa ni Asnath.

Siku hiyo ni Jumatatu.

"Limekaguliwa na nani?" Minza anauliza.

"Mara tatu, mama. Linaletwa mjini, wanawasha, linawaka, wananicheka."

"Linaletwa na nini?"

Asnath anamtazama asimwelewe. "Na gari."

"Na wakati wanakagua, gari linafunguliwa?"

Muuguzi anafikiri. Kisha anatikisa kichwa.

Minza ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa katika familia ya wakulima na wafugaji wilayani Nzega, mtoto wa nne kati ya tisa. Alipomaliza darasa la saba alipelekwa Tabora kwa shangazi yake kusaidia kazi za ndani. Jirani wa shangazi, marehemu Mzee Sulemani, alikuwa fundi umeme wa magari.

"Nilianza kwa kufagia karakana yake," anakumbuka. "Siku moja nikamwambia, mzee, hiyo taa haiwaki kwa sababu bolti ina rangi chini yake. Akacheka. Akaifungua. Kesho yake akanipa msasa badala ya ufagio."

Msasa huo aliushika miezi mitatu. Mzee Sulemani hakumruhusu kugusa waya wa chanya hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kusugua ethi tu, yaani mahali ambapo waya wa hasi unafungwa kwenye chuma cha gari ili umeme uliomaliza kazi upate njia ya kurudi kwenye betri. Rangi, kutu na grisi vyote vinaziba njia hiyo.

"Wenzangu waliona ananinyanyasa," anasema. "Lakini leo ukiniletea magari kumi yenye shida ya umeme, sita nayaponya kwa msasa tu. Watu wanapenda kutazama umeme unakoingia. Unakotoka hawajali."

Siku nzuri anapata shilingi elfu thelathini na tano. Siku mbaya anapata maneno. Karibu nusu ya kipato chake haitokani na umeme wa magari bali na mashine ya kuchomelea vyuma, aliyoinunua kwa miaka miwili ya kuweka akiba. Kwa mashine hiyo anamsomesha binti yake, Julieth, aliye kidato cha pili.

Minza ana kanuni moja ambayo wateja wengi huiona ni usumbufu. Kifaa kinachougua mahali fulani, anakwenda kukiona hukohuko.

"Mtu anakwambia gari linazima kwenye kilima cha Sikonge, wewe unalipima kwenye kivuli cha mjini. Utaona nini?" anauliza. "Nilimwambia yule nesi, usilete tela. Nipeleke mimi kwenye tela."

Jumanne wakaondoka pamoja.

Barabara ya kwenda Isenga inaandamana na reli, na reli inaandamana na njia ya zamani ya misafara. Watu wa huku walipita hapa wakibeba mizigo ya wengine mabegani hadi pwani. Siku hiyo Minza aliwapita akina mama waliokuwa wakitembea na watoto mgongoni. Wengine walitoka kilomita kumi na mbili. Walikuwa wanarudi nyumbani bila chanjo, kwa mara ya tatu; zilizoharibika zilikuwa hazijaletewa nyingine.

Tela lilikuwa limeegeshwa nyuma ya ofisi ya kijiji, jeupe, limeandikwa kwa herufi za kijani. Dereva wake, Yoramu, alikuwa amelifunga kwenye gari makusudi na kukaa nalo. Kwa kukaa huko, vijiji vile viwili vingine havikupata dawa wiki hiyo.

"Nifanyeje, fundi?" alisema Yoramu. "Nikiondoka, huku wanaharibikiwa. Nikibaki, kule wananisema. Hata usingizi nalala nimekaa."

"Lifungue," Minza akamwambia.

"Litazimika."

"Ndilo ninalolitaka. Lifungue."

Yoramu alilifungua na kusogeza gari hatua chache. Feni ikazunguka mara mbili za mwisho, ikasimama. Minza akaweka mita kwenye betri: volti kumi na mbili na nukta saba. Betri nzima kabisa. Hakuna aliyeimaliza.

Akapiga magoti, akaingia chini ya tela. Kwenye chesesi, ile fremu ya chuma inayobeba tela, hatua mbili kutoka kwenye betri, akakuta tundu lililotobolewa vizuri, na ndani yake bolti mpya inayong'aa. Hapo ndipo waya mnene wa hasi kutoka kwenye betri ulitakiwa kufungwa.

Haukuwepo. Bolti ilikuwa imekazwa peke yake, haijashika kitu. Juu yake ilikuwa imepulizwa rangi nyeupe.

Akamwita Asnath aingie naye chini aone. Muuguzi akaingia na gauni lake.

"Nikamwonyesha kwa kidole," anasimulia Minza. "Taa zote humu na friji vinarudisha umeme kwenye hiki chuma. Kutoka kwenye chuma hadi kwenye betri, hakuna njia. Gari likifungwa, umeme unapita kwenye kile kiungo cha kuvutia, unaingia kwenye mwili wa gari, halafu unarudi kwenye betri ya tela kwa kawaya kembamba ka kwenye plagi. Yaani unazungukia kwa jirani kwenda chumbani kwako. Jirani akiondoka, umelala nje."

Kiungo cha kuvutia kilikuwa na grisi iliyoungua. Plagi ilikuwa imekunjamana, kama plastiki iliyowekwa karibu na jiko.

"Mimi nilidhani ni jua," alisema Yoramu kwa aibu.

Minza akapima kwa kamba kutoka kwenye betri hadi kwenye bolti. Mita moja na nusu.

Waya wa mita moja na nusu ndio uliokosekana. Kwa ajili yake watoto wa Isenga walikosa chanjo mara tatu, na muuguzi akaandikiwa barua ya uzembe. Tela lilikabidhiwa kwa ngoma na utepe, likakaguliwa mara tatu na watu wenye kalamu, na mara zote tatu gari lilikuwa limefungwa mbele yake. Siku ya makabidhiano, anasema Yoramu, mgeni rasmi alichelewa, watu wakachoka na jua, na hakuna aliyetaka kupoteza dakika tano kufungua tela. Likawashwa hivyohivyo. Wakapiga makofi, wakasaini.

Dakika tano tu, na hakuna aliyezitoa.

Minza alipotoka chini ya tela, akina mama wachache walikuwa bado wamesimama. Mmoja wao, Semeni, alikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Alimtazama Minza kuanzia viatu hadi kilemba.

"Na wewe utasema turudi kesho?" akauliza.

"Sisemi kesho."

"Wote mnasema. Yule wa ofisini mwenye miwani alisema Jumatatu. Huyu nesi wetu, masikini, anasema Mungu akipenda. Wewe unasema nini?"

"Nasema Alhamisi, saa mbili asubuhi. Taa itakuwa inawaka, na gari halitakuwepo."

"Haya," alisema Semeni akijifunga upya kanga ya mtoto. "Nitakuja kukuangalia uongo wako."

Wanawake wakacheka. Minza naye akacheka, lakini anakiri kwamba njiani alirudi na maneno hayo kichwani.

Jumatano asubuhi alikwenda kwenye ofisi ya Afya Njiani mjini, kwa msimamizi wa mradi, Anton. Alidhani anapeleka habari njema.

"Nilimwambia, baba, nimeona tatizo, ni dogo, waya tu," anasema. "Uso wake ukabadilika. Nikashangaa. Mtu anaambiwa ugonjwa umepatikana, anakasirika?"

Baadaye alielewa. Hati ya kupokea tela kutoka kwa mkandarasi, inayosema kila kitu kimefungwa na kupimwa, ilisainiwa na Anton.

Kwa maelezo ya Minza, Anton alimkaribisha chai, akamsogezea karatasi. Alitaka aandike kwamba amekagua na kukuta betri imeharibiwa kwa matumizi mabaya, ili ibadilishwe na suala liishe. Akaongeza kwamba shirika lina magari matatu, na linatafuta fundi wa kudumu wa umeme.

"Magari matatu, kila mwezi," anasema Minza. "Unajua hiyo ni nini kwangu? Hiyo ni ada ya Julieth hadi kidato cha sita bila kukopa. Nilikunywa ile chai yote nikifikiri."

Kisha akaichukua kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama alivyofundishwa Nzega:

"BETRI NI NZIMA. BOLTI YA ETHI HAINA WAYA. HAIKUWAHI KUWA NAO, RANGI IKO JUU YAKE. NESI HANA KOSA."

Akasaini, akaweka namba ya simu. Anton aliisoma, akamwambia kwamba mtu asiye na cheti hawezi kutoa taarifa ya kitaalamu.

"Nikamwambia, wenye vyeti walikuja mara tatu, baba. Ningefurahi kama mmoja wao angeinama."

Alipopigiwa simu na gazeti hili, Anton alisema suala la tela "linashughulikiwa kwa utaratibu", na kwamba barua ya muuguzi ilikuwa "ya kawaida ya kiofisi". Alipoulizwa kama tela lilipimwa bila gari siku ya kulipokea, alisema yuko kwenye kikao.

Nakala ya maandishi yale Minza aliipiga picha kwa simu, akamtumia Asnath. Asnath ameiambatanisha kwenye majibu ya barua yake.

Kilichobaki kilikuwa waya. Minza alikwenda kwenye duka la vipuri la Mzee Yaqoub, ambaye familia yake, yenye asili ya Oman, imefanya biashara Tabora tangu enzi za babu wa babu yake.

"Karibu, mama wa moshi," Yaqoub alimsalimia. "Leo unakuja kununua au kunitukana?"

"Shikamoo mzee. Inategemea utanipa nini. Nataka waya mnene, shaba tupu, mita moja na nusu."

Yaqoub alishusha bunda moja, kisha akachukua kisu na kukwangua ncha mwenyewe. Chini ya ile rangi ya shaba, waya ulikuwa mweupe.

"Umepakwa tu," alisema. "Alumini ndani. Ningemuuzia mtu mwingine, haki ya Mungu. Lakini wewe ungerudi kunivunjia kioo."

"Huu kwenye bolti, kwa barabara ile ya Isenga, utakatika kabla ya Ramadhani."

"Ndiyo maana nimekwangua. Shaba yenyewe inatoka Mwanza. Nikiagiza leo, utaipata Jumatatu."

Jumatatu ilikuwa siku nne baada ya ahadi, na siku tatu baada ya tela kuondoka.

Minza alirudi karakana. Alikaa kwenye lile tairi alilokuwa amemkalisha Asnath. Mbele yake ilikuwa mashine yake ya kuchomelea, na kutoka kwenye mashine zilitoka nyaya mbili nene. Mmoja unashika fimbo ya kuchomelea. Mwingine, wenye kibanio, ndio ethi ya mashine. Wote shaba tupu. Aliununua ule wa ethi mita tatu kamili, ili mashine ikikaa chini ya bati, waya ufike hadi kwenye malori barabarani.

Ukikatwa nusu, haufiki popote. Na mashine isiyo na ethi haichomelei.

Kulikuwa na mteja wa Igunga aliyepangiwa kuja Alhamisi mchana na tela lake la kubebea mpunga lililovunjika mhimili. Ilikuwa kazi ya siku mbili, kubwa kuliko zote alizopata mwezi huo.

"Julieth aliniuliza, mama, kwa nini wewe? Walioiba waya wapo Dar, wewe unakata wako?" anasema Minza. Hapo sauti yake inapanda kwa mara ya kwanza. "Nikamwambia, ni kweli. Si haki. Si haki kabisa, na nitasema si haki mpaka wanione kero. Lakini yule mama atakuja Alhamisi na mtoto wake. Atasimama pale. Nitampa haki yangu amchanjie mtoto?"

Akachukua msumeno wa chuma. Akakata.

Alhamisi, saa moja na dakika ishirini, Minza yuko chini ya tela Isenga. Anakwangua ile rangi nyeupe kwa msasa hadi chuma kinang'aa kama sarafu mpya. Anapaka grisi kidogo pembeni, anafunga kichwa cha waya, anakaza nati, kisha anaweka nati ya pili kuibana ya kwanza, kwa sababu ya mitetemo. Anashika waya kwa mikono miwili na kuuvuta kwa uzito wa mwili wake wote. Hautikisiki.

"Yoramu!" anaita. "Ondoa gari."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nisilione."

Yoramu anafungua kiungo, anachomoa plagi iliyokunjamana, anawasha gari na kuondoka nalo. Leo hasimami baada ya hatua chache. Anakata kona kwenye shule na kushika barabara ya kijiji cha pili, na maboksi ya dawa nyuma. Wiki nzima watu wa huko walikuwa wakiyasubiri.

Ndani ya tela, feni inazunguka. Taa ya dari haipepesi. Friji inaanza kunguruma taratibu, na Asnath anaweka kiganja juu ya mlango wake na kukiacha hapo, kama anayesikiliza mapigo. Kisanduku chake cha bluu leo kimejaa. Chanjo za asubuhi atazitoa humo wakati friji inapoa, na za siku mbili zijazo zitalala ndani yake.

Wakati wanasubiri, Minza anaeleza anachokitaka. Hataki tuzo. Anataka kila chombo kinacholetwa vijijini, tela, jenereta, pampu, kipimwe pale kitakapofanyia kazi, mbele ya atakayekitumia, na mtu huyo ndiye asaini.

"Nesi asaini. Siyo mtu wa ofisini," anasema. "Na nitawafundisha manesi na madereva wa huku, bure, somo moja tu. Kabla hujapiga makofi, fungua gari kwanza. Nikipata hata wanne kwa mwezi, nitaanza."

Tayari ana mwanafunzi mmoja. Asnath ameandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa tela: PIMENI LIKIWA LIMEFUNGULIWA.

Semeni amekwisha fika. Anachungulia mlangoni, anatazama taa, kisha anaanza kulizunguka tela polepole, mtoto mgongoni. Anainama kutazama chini yake. Anatazama nyuma ya ofisi ya kijiji. Anatafuta gari.

"Limekwenda wapi?"

"Kijiji cha pili," anajibu Minza.

"Na hapa panawaka?"

"Panawaka."

"Saa ngapi sasa?"

Asnath anatazama simu. "Saa mbili kasoro dakika nne."

Semeni anamfungua mtoto mgongoni, anamweka sawa mikononi, na kupanda ngazi mbili za tela. Akiwa mlangoni anageuka.

"Fundi," anasema. "Umenikosesha la kusema."

Mtoto analia mara moja, kwa hasira, kisha ananyamaza. Nje, foleni imefika kwenye uzio wa shule.

Simu ya Minza inaita. Ni yule mteja wa Igunga, yuko njiani na tela la mpunga, anauliza kama mashine ya kuchomelea ipo.

"Mashine ipo, kaka," anamjibu Minza, akitazama chini ya tela, kwenye ile bolti. "Ila ethi yake iko Isenga. Tafuta fundi mwingine kwa leo."